Driciru na Datsun ya Nyumba ya Kuku

Driciru ni mtoto wa Aroi, nje kidogo ya Arua. Baba yake alilima tumbako mpaka mgongo ukakataa. Mama yake alimpa jina la shida, kama Walugbara wengi wanavyofanya. Jina ni jina tu. Mimi nimemwona kwenye kazi, na ninaandika nilichoona.

Shule aliiacha akiwa msichana mdogo. Akaenda gareji ya Mzee Adrabo mjini Arua kuosha magari. Kutoka kuosha akapewa msasa. Miaka mingi wanaume wanapiga bati, yeye anasugua milango ya malori ya kwenda Sudan. Wakienda kula, yeye anaokota nyundo na kunyoosha vipande walivyotupa. Hivyo ndivyo alivyojifundisha. Siku moja akamwambia Adrabo anataka pahali pake ndani ya gareji, apokee kazi kwa jina lake mwenyewe. Adrabo akacheka.

"Niletee gari moja umeijenga wewe, kutoka sakafu mpaka injini," akasema. "Ifike hapa kwa miguu yake, isivutwe kwa kamba. Tena ifike kabla ya mwaka kwisha, maana fundi Anguzu naye anataka pahali hapo."

Alijua msichana hana gari. Gari ilikuwa kwangu.

Mimi ni Kiden, watu wananiita Mama Afisa kwa jina la mwanangu aliyeko Kampala, ninakaa Midia, upande wa Koboko. Marehemu bwana yangu, Nasiri, alikuwa fundi wa jeshi. Alinunua huko Kampala Datsun ya mbio iliyogonga mti: milango miwili, viti viwili, pua ndefu, iko chini sana, unakaa kama mtu wa mkekani. Akaitengeneza mwenyewe. Koboko nzima walijua mlio wake.

Vita ya sabini na tisa ilipofika tulikimbilia Sudan. Nasiri alisema askari wakikuta gari inawaka, wataondoka nayo. Kwa hiyo akatoa injini, akaipaka girisi, akaifunga kwa turubai ya jeshi, akaizika nyuma ya nyumba. Juu yake akatengeneza kaburi kamili, la mawe, limelala vizuri kwa kibla, ili mtu asichimbe. Gari yenyewe akaisukuma ndani ya nyumba ya kuku. Nasiri hakurudi. Alifia Sudan na kaburi lake liko huko. Mimi nilirudi, nikakuta viti na vioo vimeibwa. Basi nikafuga kuku ndani ya gari, si ilikuwa bado na paa?

Driciru alikuja Koboko kunyoosha mlango wa lori moja, akafika kwangu kununua mayai. Akaona kuku anatoka kwenye tundu la taa ya nyuma.

"Mama, hii gari iko ya nani?"

"Ya kuku."

"Na kabla ya kuku?"

"Ya bwana yangu. Umekuja kununua mayai ama kukagua mali ya mutu?"

 Alilala chini kabisa, akaingia chini ya gari, nikawa nasikia anagonga kwa kidole, tok, tok. Alipotoka kichwa kilikuwa kimejaa mavi ya kuku.

"Sakafu imekwisha," akasema. "Lakini mifupa iko."

Ndipo akaniambia habari ya Adrabo. Alitaka nje ibaki ile ile ya zamani, hata mstari mmoja usibadilike, lakini ndani aweke vitu vya leo: breki za sahani, waya mpya, na injini ya Toyota yenye nguvu. Gari ibaki yangu, yeye apate jina. Nikamwambia sawa kwa yote, isipokuwa injini. Injini ya Nasiri iko, na ndiyo itarudi.

"Iko wapi, mama?"

"Kaburini."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta njia ya kwenda nyumbani.

Alihamia kwangu na chupa zake za gesi ya kuchomelea. Chakula kilikuwa changu, vyuma alitafuta mwenyewe, mpaka Ariwara huko Kongo. Alikata sakafu yote iliyooza, akashona nyingine kwa bati la lori. Mafundi wengi wanaficha mabonde kwa fila, ile matope ya rangi ya kijivu, wanapaka juu, inakuwa laini, baada ya mvua mbili inapasuka. Yeye hakutaka. Alikuwa anapasha bati moto, anapiga, anapoza kwa kitambaa chenye maji, bati inajivuta. Kisha anamwaga mafuta ya taa juu yake, anainama na kuangalia mwanga unavyopita. Mwanga ukikunjamana, anaanza tena. Mlango mmoja ulimla wiki nzima. Nikamwambia hata mtoto haogeshwi hivyo. Akasema mtoto hapimwi kwa sumaku.

"Sumaku ya nini?"

"Adrabo anatembea nayo mfukoni. Pahali penye fila, sumaku haishiki."

Mvua za mwisho zikaja na kupita. Gari ikawa na umbo, lakini pua tupu. Kila nikipita ananiambia, "Mama Afisa, mwaka unakwisha. Afisa amekubali kutuma ile ya Toyota kutoka Kampala. Nimwambie atume?" Nami ninamwambia, "Kwanza tuchimbe."

Tatizo la kuchimba lilikuwa shemeji yangu, Shafiki, mdogo wa Nasiri. Kumbe kaburi la uongo lilikuwa limeita makaburi ya kweli. Tuliporudi kutoka Sudan, mtu akifa, watu wanasema alazwe pale penye mwenzake. Mama mkwe wangu alilala upande wa kulia, watoto wa Shafiki wako upande wa kushoto. Kila Idi watu wanapita wanasoma Fatiha kwa wote, na injini inapata yake.

"Huwezi kufungua kaburi," Shafiki akasema.

"Shemeji, mle ndani iko injini. Ulimsaidia kaka yako kuibeba."

"Niliibeba, ndiyo. Ilinivunja kiuno. Lakini imesomewa dua miaka yote hii. Majirani zake ni watu. Utafika na jembe kuwaamsha hivi hivi?"

"Unataka nini?"

"Mbuzi. Sadaka. Tuwaambie majirani kwanza."

"Mbuzi kwa injini!" Driciru akasema. "Huko kwetu Aroi watacheka mpaka wazimie."

"Nyinyi Walugbara chekeni," Shafiki akamjibu, "lakini nyama mtakula."

Na kweli alikula. Tulichinja mbuzi wangu, Shafiki akasoma, akawaeleza mama yake na watoto wake kwamba tunamwondoa mgeni. Kisha wakachimba. Turubai ilitoka imeoza, lakini girisi ilikuwa bado nyeusi juu ya chuma. Watu walipiga kelele kama wameona mtu anafufuka. Mimi nilisema tu, "Nasiri hakufanya kazi ya kitoto."

Driciru akaifungua kwenye kivuli cha jiko. Akamwaga mafuta ndani, akaacha, akarudi, akavuta kwa bomba refu juu ya spana. Haikuzunguka. Akamwaga tena. Siku zikaenda. Asubuhi moja niliamka nikamkuta amekaa mbele yake, mikono juu ya magoti, hapigi kitu.

"Mama, njoo uguse hapa."

Nikagusa. Kulikuwa na ufa, kutoka chini mpaka karibu juu. Maji yaliingia zamani, kutu ikala chuma mpaka ikapasuka.

"Utachomelea," nikasema.

"Haishiki. Nikichomelea hapa, itapasuka pale ikipata moto."

"Basi utafute fundi anayejua."

Hapo alisimama. Ni mfupi, lakini alisimama.

"Mama Afisa, nimekula chakula chako, nimekusikiliza, nimechimba kaburi, nimekula mbuzi. Hii injini imekufa. Bwana yako aliizika, nyinyi mkaisomea, na sadaka imepata. Ni maiti gani hapa Midia amezikwa vizuri hivi? Mimi bado ninaishi. Anguzu anapeleka vyombo vyake kwa Adrabo wiki ijayo. Ukikataa tena, ninafunga gesi zangu, ninarudi kwa msasa."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia maneno kama hayo tangu Nasiri.  Nilikwenda shambani, nikapalilia muhogo mpaka jua likawa kali. Niliporudi nilimkuta Shafiki amesimama kwenye shimo, ananung'unika.

"Mnaniachia hili wazi mpaka lini? Kaburi likifunguliwa halikai tupu. Litaanza kutafuta mtu."

"Nani amesema litakaa tupu?" nikamwambia. "Rudisha injini. Leo."

"Uliyoitoa kwa mbuzi?"

"Hiyo hiyo. Na usiniombe mbuzi wa pili, huyo wa kwanza bado yuko tumboni mwako."

Tukairudisha na turubai mpya. Driciru alibeba upande mmoja. Mimi nilipanga mawe mwenyewe, kwa sababu Shafiki hajui kupanga mawe. Kisha nikampigia Afisa simu: tuma hiyo Toyota.

Ilikuja juu ya lori la viazi. Driciru alikata na kuchomelea miguu ya kuikalisha, akafanya kazi mpaka macho yakawa mekundu. Ilipowaka mara ya kwanza, kuku walikimbia mpaka kwa jirani. Mlio haukuwa wa Nasiri. Ulikuwa mwembamba, wa haraka. Nilimwambia si mbaya.

Tulipeleka gari Arua siku mbili kabla ya Anguzu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, na nilikataa kuvaa mkanda mpaka tulipoona polisi. Lami yote ilikwenda vizuri, watoto wanakimbia kando. Arua ikiwa karibu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Driciru akasimama kando, akafungua boneti. Dereva wa lori la mchanga akasimama pia.

"Dada, nina kamba. Nikuvute mpaka mjini?"

"Endelea na safari yako."

"Utaunguza injini."

"Nimesema endelea. Hii haigusi kamba."

Kumbe feni haizunguki, waya wake ulikuwa umelegea. Akachuna waya mwingine kwa meno, akaufunga moja kwa moja kwenye betri. Feni ikalia. Tukangoja chuma kipoe, nikala mayai yangu ya kuchemsha, tukaondoka.

Tuliingia kwenye gareji ya Adrabo gari ikinguruma yenyewe. Mafundi waliacha nyundo. Adrabo hakusalimu, alitoa sumaku mfukoni. Akaanza pua, akapita mlango, paa, mgongo. Kila pahali inashika, tak, tak. Chini ya mlango wangu ikaanguka.

 Adrabo akaiokota.

"Hapa iko fila."

"Iko," Driciru akasema. "Bati ilikwisha kabisa, na wewe ulinipa mpaka mwisho wa mwaka tu. Itakatwa, nitashona mpya."

"Utakata lini?"

"Nikipata pahali pa kusimama."

Adrabo aliangalia sumaku, akaangalia gari. Kisha akawaita vijana waondoe matairi yaliyolala karibu na ukuta, pahali ambapo Anguzu alikuwa anapataka.

"Mama Afisa, shuka," Driciru akaniambia. "Gari inalala hapa leo."

"Gari ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi usiniamrishe ndani yake."

Nilishuka nilipotaka mwenyewe. Wakati huo alikuwa ameshawasha gesi ya gareji na kulala chini, anakata pale chini ya mlango.