Pete ya Mbao Chini ya Mtungi wa Bibi

Juzi nilishuka Mugango kutoka Musoma, nikaingia kwa bibi, nikakuta mtungi wa maji umesimamishwa juu ya mawe matatu pembeni mwa mlango. Nikacheka peke yangu. Kwetu ukiona mtungi umekaa juu ya mawe, ujue kuna mtoto ana siku yake ya kuzaliwa. Kile kitu ambacho mtungi hukikalia siku zote kimetolewa kwenda kuoshwa.

Ngoja nikueleze, maana najua kwenu hamna. Ni pete ya mbao. Siyo ya kidoleni, ni kubwa kama ungo mdogo, na juu yake ina matundu kumi na mawili. Shangazi yangu alikuwa anapika kwa masista wa misheni mjini, na huko akawaona watoto wanaolelewa na masista wakiwashiwa mshumaa kwenye pete ya namna hiyo kila mmoja akitimiza mwaka. Aliporudi likizo alimchorea babu pale chini, kwa kijiti. Babu alikuwa fundi wa mitumbwi. Alikitazama kile kichoro, akauliza, "Inaelea?"

"Baba, ni ya mezani," shangazi akasema.

Babu hakumsikiliza. Alichukua vipande vinne vya mvule vilivyobaki kwenye mataruma, zile mbao zilizopinda ambazo hushika mbavu za mtumbwi kwa ndani. Akaviunga vikawa duara, kisha maungio yote manne akayashindilia pamba na kuyapaka mafuta, kama chombo kinachokwenda kuvua. Pete ambayo haitaingia ziwani hata siku moja. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Babu akamwambia, "Mimi mbao ikiwa na mwanya silalagi." Bibi naye aliigeuza geuza, akaipeleka ndani, akaweka mtungi wake juu. Ulikaa sawasawa. Tangu hapo pete ikawa na kazi mbili, na alama ya maji iliyoingia kwenye mbao mpaka leo ipo.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Siku yako ikifika, wali ulipikwa, na kuku, au sato wa mchuzi kama ziwa limekubali. Keki hatukuijua, tulikuwa na maandazi ya bibi yaliyopangwa kwenye sinia. Pete iliwekwa katikati ya mkeka uani. Mshumaa mmoja uliwekwa kwenye tundu la mwaka uliotimiza, na wakubwa walisimama upande wa ziwa wameshika kanga kuzuia upepo. Kisha babu alikuuliza mbele ya watu wote, "Mwaka huu umejua kufanya nini?" Ulijibu kwa kinywa chako. Ukishajibu, babu alikuchongea kisanamu kidogo cha hicho ulichokijua, na mwaka uliofuata kilisimama kwenye tundu hilo. Kila mtoto alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga la kuwekea visanamu vyake. Kaka yangu alikuwa na ng'ombe, jembe, baiskeli, hata herufi moja, mwaka aliojua kusoma. Mimi nilikuwa na kuku, ndoo ya maji, jiko la mafiga na vingine. Ukiwa mdogo sana, mama alikusemea. Lakini kuanzia saba ulisema mwenyewe.

Hapo ndipo mimi nilikwama. Nilikuwa mtoto wa aibu, na bado nina aibu. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza aliwahi kuniandika sipo shuleni siku tatu mfululizo, kumbe nipo dawati la nyuma, nimeshindwa kusema "nipo". Nilipotimiza saba, babu aliuliza, nikaangalia mshumaa mpaka ukaisha. Sikusema neno. Tundu la saba likabaki wazi. Binamu yangu aliyekuja kutoka Bunda akasema, "Pete yako ina pengo kama bibi," na bibi mwenyewe akacheka na pengo lake. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya zizi.

Na jibu nilikuwa nalo, ndilo lililoniuma. Mwaka ule nilikuwa nimejua kupiga pamba. Kama ulikulia kando ya ziwa, unajua kazi hiyo. Mtumbwi ukishaungwa, unasokota pamba, ile ile inayolimwa huku Bunda, unaishindilia kati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha unapaka mafuta ili maji yasipite. Nilikuwa namwangalia babu kila nikitoka shule, na alipokwenda kula nilijaribu kwenye mtumbwi mkuukuu uliolala ufukweni. Tok, tok, tok. Nikaipenda ile sauti kuliko kitu chochote. Lakini nilikuwa msichana, na wavuvi wengi wa kwetu siku zile hawakutaka mwanamke aguse mtumbwi mpya kabla haujashuka majini. Walisema hautapata samaki. Ningesemaje mbele yao?

Mwaka uliofuata babu alikuwa na mtumbwi wa mvuvi mmoja kutoka Majita, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa. Vidole vya babu vilikuwa vimeanza kuvimba. Asubuhi alipiga pamba ubavu wa kulia, mchana akalala kidogo kivulini. Mimi nikaanza ubavu wa kushoto, kidogo kidogo, siku baada ya siku, nikidhani haoni. Jioni alikuwa anauzunguka mtumbwi anapapasa maungio, hasemi kitu, anaenda kunawa. Ukaisha hivyo.

Siku ya kuushusha ikaangukia siku yangu ya kutimiza nane. Asubuhi ulisukumwa majini, ukakaa mkavu ndani kama sahani. Mwenye mtumbwi alifurahi, bibi akamwambia abaki ale, mtoto ana siku yake. Mchana tukakaa mkekani. Visanamu sita, kisha lile tundu tupu, kisha mshumaa kwenye la nane. Yule mvuvi alikuwa na sahani ya wali mapajani, anasema na nyama mdomoni, "Mzee, huo ubavu wa kushoto umeuweza. Umelala vizuri kuliko wa kulia."

"Eeh," babu akasema. Kisha akanigeukia. Mimi alikuwa ananiita mke wake mdogo, kama babu wote wa kwetu. "Mke wangu, haya. Umejua kufanya nini?"

Binamu akanong'ona, ila kwa sauti, "Amejua kunyamaza. Mchongee jiwe."

Watu wakacheka. Mimi nikaona mambo mawili kwa pamoja. Nikinyamaza, pengo la pili litafuata la kwanza, na kila mwaka nitakuwa yule wa pengo. Nikisema, huyu mtu anaweza kuukataa mtumbwi, na babu alikuwa ameufanyia kazi miezi. Mshumaa ukawa unashuka. Nikasema, nikiwa naangalia mkeka, "Ubavu wa kushoto nimepiga mimi."

Mvuvi akaweka sahani chini. "Kasema nini huyu?"

"Umesikia," babu akasema, akaendelea kuguguna mfupa wake.

"Mzee, msichana amegusa mtumbwi wangu?"

"Si kugusa tu. Ameuziba."

Yule mtu akanyanyuka, akashuka ufukweni. Tulimwona kutoka uani akiingia majini mpaka mapajani, anauzunguka mtumbwi, anaingiza mkono ndani, anapapasa chini. Mama alikuwa ameshika kichwa. Bibi tu ndiye aliyekuwa ananipakulia wali, polepole, akisema, "Kula, mke mwenzangu, akirudi asikukute na njaa." Nikala.

Alirudi suruali imelowa. Akakaa, akachukua sahani yake, akala matonge mawili kwanza. Kisha akasema, "Upande wa mzee kuna unyevu kidogo. Wa huyu hamna." Akanitazama. "Samaki wasipoingia nitakuja kukulaumu wewe, siyo babu yako. Umesikia, mama?"

Nikasema ndiyo. Kwa sauti, mpaka binamu akageuka.

Babu hakuonyesha kushangaa hata kidogo. "Mimi nilijua tangu ule mtumbwi mkuukuu," akasema. "Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe." Wiki ile alinichongea visanamu viwili. Cha saba kilikuwa patasi ndogo, yenye ncha butu kabisa kama ya kweli. Cha nane kilikuwa mtumbwi, na ukiuangalia vizuri una mstari mmoja tu wa maungio, upande wa kushoto. Yule mvuvi alirudi baada ya muda, lakini kuagiza wa pili.

Leo mimi ni fundi wa kupiga pamba pale mwaloni Musoma, mitumbwi inapofikia na samaki. Elimu yangu ni darasa la saba, na kuandika haya kumenichukua jioni nyingi. Lakini ukipita ufukweni ukauliza nani anaziba mtumbwi usivuje, watakuelekeza kwangu, na hakuna anayeuliza tena habari ya msichana. Mvule umekuwa adimu, mitumbwi mingine siku hizi huja na mbao laini ambayo babu asingeiruhusu ilale uani kwake. Babu hayupo. Wale wa kusimama na kanga upande wa ziwa wamehamia mijini, na watoto wao wanakatiwa keki yenye picha, wanaimbiwa na simu. Sisemi ni vibaya. Keki ni tamu.

Juzi ilikuwa siku ya mtoto wa kaka yangu, mwaka mmoja. Bibi, ambaye sasa anatembea kwa kushika ukuta, alileta pete ikiwa imeoshwa, akanipa mkononi. Nikaona. Ungio moja kati ya yale manne lilikuwa limefunguka, mwanga unapita. Nikatoa pamba kwenye mfuko wangu wa kazi, nikaisokota, nikaishindilia, nikapaka mafuta. Shangazi, mzee sasa, alikuwa kwenye mkeka ananitazama.

"Haya, na wewe," akasema. "Pete ya mezani."

"Nisingelala," nikamwambia.

Kisha mshumaa ukawashwa, na kwa kuwa mtoto bado hajui kusema, na babu hayupo wa kuuliza, bibi aliniuliza mimi mbele ya watu wote mtoto huyu amejua kufanya nini. Nikasimama upande wa ziwa, kanga mkononi, nikamsemea.