Mhola Haikuwa Kipimo cha Gesi

Mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi nje kidogo ya Bariadi, Masanja aliponiambia, "Leo afadhali, hainuki tena." Alikuwa anacheka. Haikupita robo saa, akawa maiti. Nasikia mtambo ule wanaufufua, na wewe umepeleka barua ya kuomba kazi. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono huu wa darasa la nne. Soma mpaka mwisho hata kama nakuudhi.

Mimi na Masanja tulikuwa vijana wa beleshi. Kwenye zizi la kunenepesha ng'ombe walijenga mtambo wa gesi. Tunakoroga mavi ya ng'ombe na maji, yanachacha ndani ya tangi, gesi inatoka na kupita kwenye bomba lililojaa nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, kama mirija. Kuta za nyuzi zile ndizo utando wenyewe. Gesi ya kupikia inabaki ndani, hewa mbaya inapenya kwenye utando na kutolewa kwa bomba lake. Ni kama kupepeta: punje huku, makapi kule. Na kupepeta sisi tunajua tangu kwa bibi zetu.

Aliyeuchora mtambo huo ni Injinia Denis, akiwa Dar es Salaam, ndani ya kompyuta. Alikuja mara moja, akatuonyesha kioo chenye mistari ya rangi.

"Humu ndani gesi yenu nimeshaichuja mara mia, wazee. Nyie korogeni tu."

Masanja akamwuliza, "Na humo ndani inanuka?"

Tukacheka wote, na yeye akacheka. Laiti angejibu.

Kabla ya kuondoka alitaka tumfundishe Kisukuma. Tukampa salamu: asubuhi unasema "Mwangaluka", kisha ukiuliza "Mhola?" unajibiwa "Mhola duhu", yaani salama tu. Akaondoka nayo. Basi kila asubuhi simu inalia: "Mwangaluka! Mhola?" Namjibu, "Mhola duhu, injinia." Anakata.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo mtu alipouawa. Kwetu mhola hujibiwa kwanza, hata kama maiti imelazwa ndani. Mgeni anafika msibani, "Mhola?" "Mhola duhu." Anapewa kigoda, anapumua, ndipo anaambiwa mzee ametutoka. Habari huja nyuma ya salamu. Denis hakuingoja habari hata siku moja.

Nyasi zilipokauka, ng'ombe wakaanza kulishwa mashudu ya pamba. Mfugaji yeyote wa hapa atakwambia, mavi ya mashudu yana harufu yake. Gesi ikaanza kunuka kama mayai viza, macho yanatuwasha, Masanja anatapika. Na lile bomba la makapi, la kutolea hewa mbaya, Denis alilikomesha humo humo kwenye chumba cha mashine, chini ya bati, kwa sababu kompyuta yake ilimwambia kinachotoka pale hakina sumu. Nikamwendea Meneja Pius.

"Wewe wa darasa la nne," akasema, "unaisahihisha kompyuta? Nenda kakoroge mavi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pius hakuwahi kukanyaga chumba kile zaidi ya mlangoni.

Siku nne Denis alipiga. "Mhola?" Nami huku nakohoa, "Mhola duhu." Akakata. Ningeweza kumpigia, simu nilikuwa nayo. Nilijiambia, mwenye kompyuta atakosaje kukijua kitu ambacho mimi nakinusa? Ujinga huo ni wangu, simpi mtu.

Asubuhi ya tano harufu ikakatika. Hatukujua kwamba sumu ile ikizidi, huiua pua kwanza. Masanja akaingia kuwasha mashine. Nikasikia kishindo. Nikamfuata, nikamshika mguu, kuanzia hapo sikumbuki. Wanawake waliokuwa wanabeba mashudu walituvuta kwa kamba ya ng'ombe, vitambaa vimewaziba pua. Mimi nikaishi, kama huku ni kuishi. Kifua ni gunia lililotoboka, na ugali ukiungua jikoni sijui.

Siku ya kikao cha kuchunguza kifo kile Denis alifungua kompyuta mbele ya mama mzazi wa Masanja. Akasoma: "Jumatatu, mhola. Jumanne, mhola. Hawa waliripoti hali salama. Na hakuna aliyeniambia kuhusu mashudu, mimi humu niliweka ng'ombe wanaokula nyasi."

Alikuwa ameziandika, mwanangu! Salamu zetu kaziingiza mle kama vipimo! Na Pius anatikisa kichwa kukubali.

Yule mama akasimama. "Wewe baba, ulisalimia nyumba ukaondoka bila kuuliza waliomo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Nkwabi, ulimheshimu nani hivyo, mpaka mwanangu anatapika mbele yako unanyamaza?"

Swali hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Watu wananiambia, acha kutaja majina, yamepita. Nayataja. Denis. Pius. Na mimi Nkwabi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio tumeshakilia.

Sikukatazi kazi. Kompyuta haina kosa, inapika unga iliopewa. Ila kabla hujashika beleshi, lifuate bomba la makapi kwa miguu yako mpaka uone linapoishia. Ng'ombe wakibadilishiwa chakula, mwambie mchoraji siku hiyo hiyo. Akikusalimia, mwitikie, kisha mwambie, "Usikate, habari bado." Akikata, piga wewe. Wakikucheka, wacheke. Na harufu mbaya ikipotea ghafla usimshukuru Mungu ukiwa mle ndani: toka mbio, utamshukuru ukiwa nje.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mdomo usioogopa tai ya shingoni mwa mtu, na kila jioni akurudishe kwa mama yako ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.