Sala Niliyosoma Kaburini

Kigangoni kwetu wanasema mimi ni mama jasiri. Wanalisema hilo hata mbele ya wageni, nami hunyamaza, maana nikikanusha wanaona ni unyenyekevu. Nimesoma hadi darasa la saba na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini nataka kueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mume wangu hayupo tena wa kunisahihisha, na yale maneno mazuri yameanza kumfunika.

Mume wangu alikuwa katekista. Kijiji chetu kiko milimani juu ya Mlali, na kanisa letu ni kigango tu, kanisa dogo la tofali za kuchoma ambalo padre hulifikia mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, mvua ikiruhusu. Siku nyingine zote katekista ndiye anayefungua mlango, anayefundisha watoto, anayesomea wagonjwa na kuzika. Muda uliobaki tulilima kabichi na karoti kama wenzetu. Kazi zake zote za kanisa alizifanya kwa kitabu kimoja cha ibada, ambacho jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia.

Mwaka ule wa barakoa ugonjwa ulipanda mlimani kimya kimya. Redio ilisema hivi, simu za watu zilisema vile. Mtu akifa walisema ni presha, au nimonia, au changamoto ya upumuaji, kisha wakatazama pembeni. Nyumba zilinuka mvuke wa mwarobaini na mchaichai, watu wakijifukiza chini ya mablanketi. Kilichonitisha zaidi ni kwamba watu walianza kuogopa misiba. Kwetu msiba ni wa wote, Mkristo na Mwislamu, na asiyefika hukumbukwa kwa hilo maisha yake yote. Sasa waliofika walisimama njiani, wakainua mkono, wakaondoka.

Mume wangu hakuacha kwenda. Alimzika mzee mmoja wa bondeni, kisha mwalimu mstaafu na mkewe ndani ya wiki moja. Aliporudi nilikuwa nimemwekea maji na sabuni nje ya mlango, na usiku sikulala upande wake.

Walipokuja kumwita tena, nilikificha kitabu. Nilikizamisha ndani ya ndoo ya maharage ya mbegu, nikafunika, nikakaa juu ya mfuniko nikimenya viazi. Alitafuta kwenye rafu, chini ya kitanda, kwenye mifuko ya koti.

"Mama, umekiona kitabu changu?"

"Sijakiona."

"Na hiyo ndoo leo imekuwa kiti?"

"Imekuwa kiti."

Alicheka. Alijua. "Basi kaa vizuri, usije ukaanguka," akasema, akavaa koti lake akaenda. Sala za maziko alikuwa amezishika kwa moyo.

Baadaye watu waliokuwapo walinisimulia kwamba siku hiyo alisali polepole sana, akisimama na kukumbuka, akiwa katikati ya wafiwa waliokuwa wanakohoa. Angekuwa na kitabu angemaliza mapema. Siku ya sita alianza kukohoa yeye. Sijui kama aliupatia pale. Huenda aliupata kwa mwalimu, huenda sokoni. Nimejiambia hivyo mara nyingi na haijanisaidia.

Aliugua siku tisa. Nilikitoa kitabu kwenye maharage, na kila asubuhi na kila jioni alinitaka nimsomee sala ya wagonjwa, nami nilisoma kwa kufuata mstari kwa kidole, maana macho yangu na herufi ndogo havielewani. Sala ile inamwomba Mungu amwinue mgonjwa kitandani, amrudishie nguvu, arudi kwenye kazi zake na kwa watu wa nyumbani mwake. Nilipokosea alinirekebisha kwa kutikisa kidole. Siku za mwisho hakutikisa kidole, hata nilipokosea makusudi.

Mhudumu wa zahanati alisema anahitaji kuwekewa hewa, apelekwe mkoani. Barabara ilikuwa imekatika, udongo umeporomoka chini ya kijiji na pikipiki hazipiti. Ilibidi abebwe kwa machela hadi ng'ambo ya maporomoko, na kwa mteremko ule wanatakiwa wanaume wanane wa kupokezana. Nilipata watatu. Jirani yetu, ambaye mume wangu alimbatizia watoto wote, alisimama uani kwake akasema, "Mama katekista, mke wangu amekataa." Simlaumu. Ningekuwa mke wake ningekaa mlangoni.

Alikufa asubuhi ya siku ya kumi, tukiwa tunasubiri wanaume wengine wajitokeze.

Watoto wetu wako Dar na wasingeweza kufika. Nilimpigia padre. Naye alikuwa anakohoa. Aliniambia nisimsubiri, nizike siku ileile. Nikamuuliza nani atasoma.

"Soma wewe, mama," akasema.

Nilimpigia mwenyekiti wa jumuiya yetu, bibi mmoja anayejua sala nyingi kuliko mimi, nikitumaini ataniondolea mzigo ule. "Shikamoo bibi," nikasema, na kabla sijaomba akanijibu, "Marahaba mwanangu. Mimi sauti sina, kifua kimebana. Wewe ndiye umemsikia akisoma miaka yote. Nenda."

Nilibaki na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna atakayekuja, na mtu aliyezika kijiji kizima atafukiwa kama taka. Ya pili ilikuwa kwamba watakuja, na nitasimama mbele yao nishindwe kusoma. Niliomba Mungu anipe moyo. Nilipiga magoti kwenye udongo wa jikoni nikaomba kwa dhati. Hakuna kilichobadilika mwilini mwangu. Nilinyanyuka na hofu zangu zote mbili.

Kwetu Waluguru kila ukoo una watani wake, na hao ndio huchimba kaburi. Wana ruhusa ya kumtania marehemu na wafiwa wote, hakuna wa kuwakasirikia. Sikutegemea wangekuja. Lakini saa sita hivi nilisikia kelele huku chini kwenye migomba.

"Yuko wapi huyo mvivu? Kabichi zinapasuka shambani, yeye amelala mchana kweupe!"

Alikuwa mtani wa mume wangu, Mwislamu wa kijiji cha pili, na ndugu zake wawili wamebeba majembe. Hakuvaa kitu usoni. Aliingia hadi ndani alipolala maiti, mahali ambapo ndugu zangu wa damu hawakufika. Aliposhika miguu ya mume wangu ili wamwoshe, aliishikilia kidogo, kisha akapaza sauti. "Tazama miguu hii! Shemeji, huyu ulikuwa unamlisha kweli au ulimsomea Injili tu?"

Nilimwambia aende zake. "Naenda," akasema, "ila huyu naenda naye."

Walichimba nyuma ya kanisa. Walikuja watu kumi na mmoja, wakasimama mbalimbali kwenye uzio, wengine wamejifunga kanga puani. Jeneza liliposhushwa wote walinitazama. Nilifungua kitabu. Machozi yalikuwa yamejaa machoni, na kitabu kilifunguka chenyewe pale kilipozoea kufunguliwa. Niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza nikaanza.

Nilikuwa nimefika katikati ndipo nikasikia ninachosoma. Nilikuwa ninamwomba Mungu amwinue kitandani. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo ninaomba arudishiwe nguvu, arudi kwenye kazi zake na kwa watu wa nyumbani mwake.

Nilijua ni makosa. Ningeweza kusimama na kutafuta ukurasa mwingine. Lakini nilijua nikisimama sitaanza tena, basi nikaendelea hadi mwisho. Hakuna aliyenisahihisha. Kwenye uzio watu walikuwa wameinamisha vichwa. Mtani peke yake ndiye aliyeitikia "Amina" kwa sauti, halafu akachungulia kaburini.

"Umesikia? Umeambiwa urudi kazini."

Akasubiri, kama mtu anayesubiri jibu kweli. Kisha akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akachukua jembe.

Huo ndio ujasiri wanaousema. Nyumbani sikulia. Nilikaa na kitabu nikatafuta sala ya maziko, nikaiona, kurasa chache tu mbele. Inamkabidhi marehemu mikononi mwa Mungu na kuomba asamehewe makosa yake. Mume wangu alikuwa ameisoma juu ya kila mtu. Juu yake haikusomwa, na mimi ndiye sababu.

Siku ya tatu mwenyekiti wa jumuiya alinipigia. Mama mmoja muuza karoti amefariki, hakuna wa kusoma.

"Bibi, mimi siwezi. Unajua nilichofanya juzi."

"Najua. Nimeambiwa."

"Nitakosea tena."

"Kosea! Mungu amezoea. Unataka tumtumbukize mwenzetu shimoni bila neno? Vaa kanga uende."

Nilienda. Ningependa kusema nilienda kwa sababu ya imani. Nilienda kwa sababu nilikumbuka hofu yangu ya kwanza, nikamfikiria binti wa yule mama akiwa na hofu ileile. Safari hii niliukunja ukurasa nyumbani. Nilisoma sala yenyewe, yote, bila kukosea sana. Na kila neno lililotoka mdomoni nililiona kama kitu nilichomnyima mume wangu na sasa nampa mtu mwingine. Niliporudi nilitapika kando ya njia.

Nilisoma tena baada ya hapo, kwa wengine. Hofu haikupungua. Nilizoea tu kutembea nayo.

Barabara ilipofunguliwa padre alikuja, amekonda, fimbo mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. Niliitikia, kisha nikamweleza yote, pamoja na ndoo ya maharage. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema Mungu hahesabu kurasa na mume wangu yuko salama. Nilisema, "Ndiyo Padre." Aliona kwamba sijakubali. Tukaenda kaburini, akasoma yale maneno yanayostahili, polepole, nami niliitikia.

Nilikuwa nimesubiri siku ile kwa wiki nyingi nikidhani kuna kitu kitafunguka kifuani. Hakikufunguka. Udongo ulikuwa udongo, majani yalishaanza kuota juu yake.

Tukiwa bado pale padre akaniuliza kama nitaendelea kushika kigango hadi apatikane katekista mwingine.

"Padre, mimi naogopa."

"Hata mimi," akasema. "Nilipokuambia usome wewe, ilikuwa barabara, na ilikuwa kikohozi. Lakini ilikuwa ni woga pia."

Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja. Tulisimama hadi mvua ilipoanza kudondoka, tukashuka.

Jumapili iliyofuata nilifungua kanisa. Walikuja wachache, wakakaa mbalimbali kwenye mabenchi. Nilipiga magoti mbele yao nikamwomba Mungu tena anipe moyo, kisha nikanyanyuka bila kuwa nao, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikaanza kusoma.