Somo Lililongoja Dizeli Iishe

Uvumilivu wangu uliisha siku mwalimu aliposema binti yangu ni mkaidi.

Somo lilikuwa la sauti. Watoto wa gredi ya pili waliambiwa walete vitu vya kufunikia saa ya kengele, waone kipi kinapunguza kelele: gunia, sponji, blanketi kuukuu. Somo zuri, sikatai. Lakini hapa Masara karasha la kusaga mawe ya dhahabu liko nyuma tu ya ukuta wa darasa, na likinguruma, hata saa isiyofunikwa haisikiki. Kwa hivyo mwalimu alingoja karasha liishiwe dizeli. Ndivyo shule hiyo ilivyozoea. Imla, hesabu ya mdomo, hata maombi, vyote hungoja dizeli iishe.

Saa ikalia ndani ya blanketi. Wenzake wakainua mikono kuonyesha wameisikia. Wangu akatulia. Ikafunuliwa, bado ametulia tu.

"Huyu ananichezea, mama," mwalimu aliniambia nilipokuja kumchukua.

Karasha lilikuwa bado limezimika. Nikaichukua ile saa, nikasimama nyuma ya mtoto, nikailiza. Hakugeuka. Mwalimu akaenda kumwita mwalimu mkuu.

Huyo akanivuta kando. "Mama, twende polepole. Mwenye karasha ndiye alitujengea vyoo."

"Sasa mtoto wangu alipie choo kwa masikio?"

"Tutabandika trei za mayai ukutani, zipunguze kelele. Wazazi watachanga."

Wazazi. Na vijana wa karasha wanavaa vile vikombe vinene vya masikioni, vyenye sponji ndani, tajiri wao aliwanunulia. Kumbe anajua vizuri kelele yake inafanya nini. Nilimfuata nikamuuliza.

"Dada, watoto huzoea," akasema, simu mkononi.

Hawazoei. Wanaacha kusikia. Daktari wa masikio kule Homa Bay alimpima binti yangu akaniambia kilichoenda hakirudi, nilinde kilichobaki.

Basi nikaenda Migori, ofisi ya mazingira, na sikutoka mpaka karatasi yangu ikapigwa muhuri. Niliandika hivi:

"Nalalamikia karasha lililo nyuma ya shule. Lihamishwe, na kabla ya hapo lizimwe saa zote za masomo. Ripoti ya daktari nimeiambatisha. Trei za mayai sitaki kuzisikia. Na afisa atakayekuja kupima kelele asije dizeli ikiwa imeisha."