Kompyuta Nne na Kitambaa cha Mama

Mama alipochoka kuniuliza zile kompyuta nne zinafanya nini sebuleni, aliamua kuzishonea nguo.

Kwetu Isiolo, au tuseme kwa mama yangu, chombo cha umeme hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, friji ina kikubwa chenye maua ya waridi pembeni. Siku moja nilikuta hata rauta ya intaneti imevishwa kitu kama kofia ya mtoto mchanga. Nikaivua, nikamweleza kwamba vyombo hivi hupumua. Alinisikiliza kwa ile heshima anayowapa watu asiokusudia kuwatii.

Kompyuta zenyewe zilikuja kwa sababu ya baba. Yeye alikuwa dereva wa lori la mifugo, na ukoo wake wote ni wasafirishaji tangu babu zake walipovua sare za askari wa mkoloni. Miaka mingi alikuwa akibeba ng'ombe kutoka Moyale kushuka huku kwetu. Mama hajui kusoma, kwa hiyo baba alimtumia ujumbe wa sauti kila aliposimamisha lori. Na hapo ndipo penye ajabu, kwa sababu baba nyumbani ni mtu wa maneno machache mno. Anaweza kula chakula cha jioni, akashukuru, akalala, na usikumbuke kama alikuwepo. Lakini mpe barabara na simu, anageuka mtangazaji.

"Salaam aleikum," angesema, injini ikinguruma nyuma yake. "Nimefika Merille. Ile fahali ya pembe moja imelala chini, wenzake wanaikanyaga. Tumevuta mkia mpaka imesimama. Mvua imenyesha Laisamis, nyasi iko. Mengine nitakuambia nikifika."

Kila ujumbe ulimalizika hivyo: mengine nitakuambia nikifika. Akifika, hasemi kitu. Mama alizoea. Alikuwa amejua zamani kwamba ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa barabarani, na kwamba yule wa barabarani anaishi ndani ya simu.

Kisha baba akastaafu, akauza lori, akakaa kwenye kiti chake cha varandani. Yule mtu wa barabarani akanyamaza kabisa. Kilichobaki kwake ni zile sauti za zamani, na mama alizisikiliza akichambua mchele, akipiga pasi, akingoja ugali uive. Simu ikaanza kuzeeka. Betri ikavimba kama mandazi, kioo kikawa kinazima na kuwaka kipendavyo. Fundi wa mjini akaniambia nitoe ndani yake ninachokitaka kabla haijaaga.

Mimi hufundisha kompyuta hapa mjini, kwa hiyo nilijiona mtu aliyeitiwa kazi yake. Nikapendekeza tuzipandishe sauti kwenye intaneti, zikatunzwe huko.

"Huko wapi?" mama akauliza.

"Kwa kampuni fulani, nje."

"Sauti ya bwanangu iende kukaa kwa watu mimi sijui?" akasema. "Wako na mabibi zao huko, wasikilize hao."

Simu mpya aliyonunuliwa ilikuwa na nafasi ndogo. Hata ingekuwa na nafasi ya kutosha, mimi nilikuwa nimeshashuhudia diski moja ya kuaminika ikifa na kazi ya muhula mzima, na tangu siku hiyo siamini kifaa kimoja. Ndipo nikaagiza kutoka Nairobi kompyuta nne ndogo za bei nafuu, kila moja kama kisanduku cha tende. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Nilizipanga kwenye kibao juu ya kabati la sebuleni, nikaziunganisha kwa waya za mtandao, nikazifundisha kufanya kazi kama kitu kimoja: sauti ikiingia kwa moja, nyingine tatu zinapata nakala. Stima yetu haina adabu, kwa hiyo nilizifunga kwenye betri ya lori ambayo baba alikataa kuiuza pamoja na lori lenyewe. Aliniletea betri ile mwenyewe, akaiweka chini, akafuta vumbi kwa mkono, akaenda zake varandani bila neno.

Nikahamisha sauti zote. Juma hilohilo ile simu ya zamani ilizima na haikuwaka tena. Kuanzia siku ile, yule baba wa barabarani hakuwa na makao mengine duniani ila zile kompyuta nne. Mama alizisikiliza kupitia simu yake mpya, akaridhika, na kama nilivyosema, akachukua uzi na sindano.

Idd ikaja, na dada yake mama akaja nayo kutoka Korbesa. Huyu ni mama yangu mkubwa, mwanamke wa ng'ombe na mbuzi, na akikohoa nyumba nzima inageuka kumtazama. Wageni wengine walijaa. Mimi nilishinda jikoni na sambusa. Nilipopita sebuleni niliona kwamba kabati limependeza sana, lakini sikujiuliza limependezaje.

Baada ya alasiri, baba akiwa bado msikitini, mama mkubwa alitaka kusikia ile ya fahali ya pembe moja, maana alikuwa amesimuliwa tu. Mama akabonyeza simu. Kimya. Akabonyeza tena. Akaniita kwa sauti niliyoijua tangu utotoni, sauti ya kitu kimevunjika.

Nikakimbia kwenye kabati. Kompyuta zangu zilikuwa zimevikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi mzito, kikakunjwa mara mbili ili kisioneshe yaliyomo. Juu yake kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki, na kando chetezo kikifuka ubani. Nilipotia mkono chini ya kitambaa niliutoa upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Nani amezifunika?"

"Wageni wanakuja, halafu hii kitu iko uchi na waya zote nje," mama akasema. Kisha akauona uso wangu. "Imekufa?"

Sikujua, na nilimwambia hivyo. Nilikuwa na hasira na niliogopa kwa wakati mmoja. Nikachomoa betri, nikafungua dirisha na mlango, nikamwomba jirani mmoja ahamishe kiti chake ili upepo upite. Mama akakaa chini na kitambaa mapajani, akikikunja na kukikunjua. Hakuna aliyekunywa chai.

Zilipopoa nikawasha. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu ilijivuta, ikawaka. Ya nne haikuwaka, na haijawaka mpaka leo.

"Hiyo ilikuwa na safari gani?" mama akauliza polepole.

"Zote. Na hizi nyingine pia ziko nazo zote."

Mama mkubwa akacheka, akampiga dada yake begani. "Si ni ng'ombe wa dabare tu," akasema. "Unapea ndugu zako wakulishie, huyu huko, huyu huko. Ukame ikikuja kwako, haimalizi wewe. Lakini wewe umeweka wote boma moja, halafu ukawafunika blanketi."

Hata mimi nilicheka, ingawa kosa lile la boma moja lilikuwa langu. Leo kompyuta moja inakaa kwa mama mkubwa, ndani ya sanduku lenye matundu, na hajaruhusu mtu alivike.

Basi siku ile mama akabonyeza tena. Injini ikanguruma sebuleni. "Salaam aleikum. Nimefika Merille..." Na wakati huohuo baba mwenyewe akaingia kutoka msikitini, akasimama mlangoni na kofia yake nyeupe, akajisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mtu anaongea sana," akasema. Akavuka sebule, akatoka varandani.

Simu ya mama ililia wageni wakiwa bado wanacheka. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Hakukuwa na injini, ila kuku wa jirani tu.

"Salaam aleikum. Nimefika varandani. Njia ilikuwa nzuri. Ile fahali ya pembe moja, nilikuambia mengine nitakuambia nikifika." Akakohoa. "Sasa, tulipotoka Merille..."

Aliendelea mpaka chai ikapoa. Mama alisikiliza yote, bila kuinua macho, na alipomaliza akanipa simu kwa mikono miwili.

"Weka hii kwanza," akaniambia. "Chai nitampelekea mwenyewe."