Bibi Ratiba na Mdogo Wake

Kazini walimwita Bibi Ratiba, na jina lilimkaa sawasawa. Yeye ndiye aliyepanga madishi ya darubini ya redio yaelekee upande gani wa anga, kwa muda gani, na kwa ombi la mwanasayansi yupi. Madishi yenyewe yalikuwa mbali, kwenye uwanda mkavu ambako ilikuwa marufuku hata kuwasha simu ya mkononi. Mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota hufika hapa duniani yakiwa hafifu mno, na simu moja tu hutosha kuyafunika, kama mtu anayefoka karibu na mgonjwa anayenong'ona. Bibi Ratiba alikaa mjini, kwenye chumba cha kuongozea kisicho na dirisha, mbele ya skrini zake, na kebo iliyofukiwa ardhini ndiyo iliyobeba amri zake hadi huko.

Alipoajiriwa madishi yalikuwa machache, na programu ya kuyaongoza ilikuwa kazi ya watu waliokwisha kuondoka. Iligoma kila kukicha. Ikigoma hapa yeye anaitia kiraka, ikigoma pale anatia kingine, mpaka viraka vikawa vingi kuliko nguo yenyewe. Maelezo hakuandika. Aandike ya nini, na yeye mwenyewe yupo?

Kisha wakubwa wakakubali kuongeza madishi mpaka uwanda ujae. Programu ya viraka isingeweza mzigo huo. Ilitakiwa mpya, ipangwe kuanzia sifuri: iamue dishi lipi lifanye nini, iyageuze yote kwa pamoja, iangalie afya yake, ipige kengele likiugua moja, na iwasaidie mafundi wanaoyatunza. Akatafutwa mtu wa kuongoza mipango hiyo. Bibi Ratiba hakuomba nafasi. Aliona ni suala la kuitwa tu. Alikuwa amekwisha kufikiria hata jinsi atakavyojidai kusitasita kabla ya kukubali.

Aliyeitwa ni mdogo wake.

Huyo mdogo wake nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi Ratiba ndiye aliyembeba mgongoni mama yao akiwa kazini, ndiye aliyemfundisha hesabu za sehemu kwa kumkatia chungwa, na ndiye aliyemwombea kwa mkurugenzi nafasi ya kujifunza kazi pale pale ofisini. Baadaye Chiriku akaenda kusoma mbali, akafanya kazi kwenye darubini kubwa za redio za watu wengine, akarudi na miwani mipya na sauti ile ile.

"Dada, mimi nilijua umekataa," alimwambia siku aliyoripoti. "Nilimuuliza mkurugenzi kabla sijasaini. Akasema hukuomba."

Bibi Ratiba akacheka, akasema mambo ya vyeo yalikwisha kumtoka zamani. Kicheko hakikuvuka meno.

Tangu siku hiyo roho ikawa inamuuma kama jino. Chiriku alipewa ofisi ya vioo yenye dirisha. Bibi Ratiba akapata mazoea ya kwenda kuchukua chai kwa njia ndefu ili apite mbele yake na kuona nani yumo. Mle ndani wakicheka, alijiuliza wanamcheka nani. Mkurugenzi, ambaye kwake yeye alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu, kwa Chiriku alisimama mlangoni na kuzungumza. Mama yao alipiga simu kila Jumapili, na habari ilikuwa moja: injinia wetu kala nini, injinia wetu analala saa ngapi, mwangalie asijichoshe. Bibi Ratiba naye alikuwa injinia. Alikuwa injinia kabla Chiriku hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini alijibu kila swali kwa upole, akakata simu, kisha akasugua masufuria yaliyokwisha kutakata.

Baya zaidi ni kwamba Chiriku hakumpa sababu. Hakujikweza. Mikutanoni alimkalisha karibu na ubao na kumwambia kila mtu kwamba madishi yote yaliyopo yamelelewa na dada yake. Bibi Ratiba angependelea atukanwe. Tusi lina jibu. Hili lilimwacha na kinyongo kisicho na pa kukiweka.

Rasimu ya mipango ilipotoka aliibeba nyumbani, akaisoma akiwa amekaa jikoni na kalamu nyekundu. Alitaka kukuta makosa. Ukurasa baada ya ukurasa hakuona la maana, na kila alipokosa kosa kalamu ilizidi kuwa nzito. Kazi ilikuwa safi. Mambo aliyohangaika nayo miaka, mdogo wake aliyamaliza kwa mistari michache. Kisha akafika sehemu ya utunzaji, akasoma, akarudia kusoma, na moyo ukamchangamka kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuipenda.

Kulikuwa na shimo. Miaka ya nyuma, fundi mkuu wa madishi, mtu wa makamo waliyemwita Mzee Spana, aliwahi kuwa juu ya dishi akisikiliza mota, na mota haisikilizwi ikiwa imezimwa. Mtu wa chumba cha kuongozea, bila kujua, akaamuru madishi yageuke. Mzee Spana aliponea kwenye ngazi, akaning'inia kama shati lililoanikwa. Baada ya siku hiyo Bibi Ratiba alitia kiraka: fundi akipiga simu ya kebo na kuomba dishi, yeye anabonyeza, na dishi hilo linakuwa mali ya fundi. Amri ya mtu mwingine haliisikii mpaka fundi mwenyewe alirudishe. Jambo hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Chiriku angelijuaje? Katika mipango yake dishi lilikuwa ama zima ama bovu. Dishi zima lenye mtu juu yake halikuwamo.

Bibi Ratiba akafunika kalamu. Jopo la wakaguzi kutoka nje lilikuwa linakuja kupima mipango hiyo mbele ya mkurugenzi na wafadhili. Siku hiyo ndiyo atakayonyoosha mkono, kwa adabu kabisa, na kuuliza swali moja. Alijiona akiuliza. Aliona nyuso zikimgeukia, na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akikosa la kusema. Rasimu aliirudisha ofisini ikiwa na masahihisho mawili ya tahajia.

"Tahajia tu?" Chiriku aliuliza, akafurahi. "Basi nimefaulu. Wewe ndiye niliyekuwa namwogopa."

Wiki zikapita. Madishi mawili ya kwanza kati ya yale mapya yakasimamishwa, na Chiriku akaanza kuyajaribia vipande vya programu yake. Majaribio yaliahirishwa mara kwa mara, leo kebo, kesho umeme, na watu wakayazoea kama mvua iliyotabiriwa isinyeshe.

Siku moja baada ya chakula cha mchana simu ya kebo ililia kwenye chumba cha kuongozea. Alikuwa Mzee Spana. Gia ya dishi la pili kati ya yale mapya ilikuwa inakwaruza, na alitaka kupanda aisikilize.

"Nipe dishi la pili, Bibi Ratiba."

"Haya, chukua," akajibu, kama alivyojibu miaka yote. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe, na kitufe hakikuwapo. Madishi mapya hayakuwa kwenye programu yake. Alipotaka kumwambia asubiri, Mzee Spana alikuwa amekwisha kukata.

Akapiga. Ikalia bila kupokelewa. Simu ilikuwa chini kibandani, fundi alikuwa njiani kupanda. Akatazama skrini ya ukutani, akaona majaribio ya leo hayakuahirishwa. Na alipopita kuchukua chai alikuwa ameona wageni kwenye ofisi ya vioo, mkurugenzi akiwa amesimama nyuma yao.

Hapo ndipo alipokaa kidogo. Alijiambia pengine Mzee Spana atasikiliza na kushuka upesi. Alijiambia huenda wakachelewa kuanza. Na chini ya hayo yote, mahali asipopenda kupaangalia, lilikuwepo wazo jingine: akiingia mle ndani sasa, swali lake la jopo limekwisha, na badala yake ataulizwa yeye. Hata kikombe cha chai alikuwa bado amekishika. Kisha herufi za skrini zikabadilika rangi, dishi la kwanza likaanza kugeuka, na yeye akatupa kikombe na kukimbia.

Hakubisha hodi. "Simamisha," alisema. "Simamisha yote, sasa hivi."

Chiriku hakuuliza kwa nini. Hakutazama wageni wala mkurugenzi. Alibonyeza, na kwenye skrini madishi mawili yakaganda, la pili likiwa limekwisha kusogea kidogo.

Walisubiri wote wamesimama. Simu ya kebo ilipolia mezani kwa Chiriku, Bibi Ratiba ndiye aliyeipokea. Mzee Spana aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekasirika taratibu ni nani aliyetikisa dishi lake. Glavu yake imeliwa na gia. Mkono alikuwa ameuchomoa kujikuna shingo.

Wageni wakapelekwa kunywa chai. Mkurugenzi akauliza maswali mafupi, akajibiwa, akatoka bila kufunga mlango. Ndugu wawili wakabaki. Bibi Ratiba alieleza habari ya kiraka, ya ngazi, ya dishi kuwa mali ya fundi. Chiriku alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa kimya kweli. Ndivyo dada yake alivyokuwa ametamani kumwona. Hapakuwa na utamu wowote ndani yake.

"Ulijua tangu lini?" Chiriku aliuliza.

Angeweza kusema tangu leo. Ilikuwa rahisi. "Tangu niliposoma rasimu," alisema.

"Ukaniwekea tahajia."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu ni wewe uliyeitwa."

Chiriku akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwomba atoke.

Kwa muda mrefu hawakusemeshana nje ya kazi. Mama yao alihisi, akapiga simu huku na huku, hakuambiwa kitu na yeyote. Bibi Ratiba alisafiri mwenyewe hadi uwandani kumkabili Mzee Spana, akamweleza bila kujipunguzia. Mzee Spana alimsikiliza huku akikaza nati, kisha akasema yeye hana elimu ya wivu wa ofisini, ila glavu zile alizipenda, na kwamba hatapanda tena dishi kwa neno lake peke yake. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko barua ya onyo aliyopewa na mkurugenzi.

Jopo lilipokuja, Chiriku alisimama akaeleza shimo lile mwenyewe, akasema limegunduliwa na dada yake kabla mtu hajaumia, na akaishia hapo. Kisha akapendekeza sehemu yote ya uendeshaji na utunzaji iandikwe upya na Bibi Ratiba. Wakaguzi wakakubali. Watu wakampongeza. Yeye alikuwa akijua vizuri kilichoachwa bila kusemwa, na akagundua, akiwa amekaa pale akipokea mikono, kwamba bado ana wivu. Safari hii alimwonea mdogo wake wivu wa ule moyo.

Akaiandika sehemu yake. Ilimchukua miezi mingi, na mara hii kila kiraka kilipata maelezo. Akaweka funguo mbili kule chini ya dishi, mmoja wa kulichukua na mwingine wa kulirudisha, zote mbili za fundi mwenyewe. Chiriku aliisoma yote akairudisha imejaa wino, bila huruma, na Bibi Ratiba akaudhika, akasahihisha.

Walikuwa wamekaa kwenye ofisi ya vioo wakibishania neno moja la kurasa za mwisho Bibi Ratiba aliposema lililomkaa moyoni.

"Nakuonea wivu, mdogo wangu. Sijapona."

"Najua," Chiriku alisema bila kuinua macho. "Nionee. Lakini nikikosea niambie siku hiyo hiyo."

Bibi Ratiba akavuta kiti karibu. "Basi hapa umekosea," akasema, akaonyesha kwa kidole. Chiriku akaanza kubisha, kwa sauti yake ile, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo ofisi nzima ikasikia.