Masikio ya Shemeji Chini ya Meli

Masikio ya shemeji yangu yamenigharimu dola mia na hamsini. Nimehesabu mara mbili, na ya chai sikuitia hesabuni.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa kisiwa cha Kudhaa, ni mzamiaji wa bandarini Kismayo. Hushuka chini ya meli na nyundo ya upepo kubandua magamba yaliyoota kwenye chuma. Mie ni dalali wake: nashindana na manahodha, yeye anashindana na chuma. Juu, kompresa ya kumsukumia pumzi inanguruma hadi meno yangu yagongane. Chini, nyundo inalia kando ya kichwa chake na tumbo zima la meli linaitika. Miaka yote hii sijaona gamba alilolisaza.

Siku moja nilimnong'oneza mbele ya nahodha, "Tuanze mia nne. Tusishuke chini ya mia mbili na hamsini."

"MIA MBILI NA HAMSINI?" akapaza. "Haya, shemeji!"

Nahodha akacheka hadi akashika ukuta. "Nimekubali. Huyu mtu mkweli. Wewe sijui."

Tangu hapo twashauriana kama madalali wa ngamia: mikono chini ya kikoi, vidole vikisema bei. Vidole vyake vina akili kuliko ulimi wangu. Juzi nilimbana mia tatu, akanibana mia tatu na hamsini, na tukalipwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kumwona binti aliyezaliwa. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni, anatabasamu.

"Mtoto mpole, shemeji. Tangu azaliwe sijamsikia kulia."

Mtoto alikuwa kitandani nyuma yake, ngumi amezikunja, analia hadi kapwelewa sauti. Mkewe alinitazama; mimi nikatazama mkeka. Sauti nene shemeji bado anazipata. Nyembamba zimekwenda.

Nikamshika mkono kama tunavyopatana bei, nikauweka juu ya kifua cha mtoto. Kiganja chake kikapanda na kushuka na kilio.

"Kumbe ana pafu la mzamiaji," akasema.

Kuacha kazi hataki. "Maziwa utanunua wewe?" Sikuthubutu kusema ndiyo, maana angekubali. Na kujiziba pamba hakufai: maji ya kina huisukuma ndani.

Basi nyie mliozamia Mombasa, Dubai na kwingineko, nishaurini: ipo kofia ya kuzamia inayopunguza kelele bila kuziba sikio? Ipo nyundo isiyonguruma hivi? Twataka kuokoa kilichosalia kabla binti hajaanza kumwita baba. Nitajieni bei ya mwisho. Ya kwanza naijua mwenyewe.